Taa Manta na Mbayuwayu: Kasi ya Maisha na Uwezo wa Kustahimili Hasara

Taa manta wa miamba (Mobula alfredi) na mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica) ni wanyama wanaoishi katika mazingira yasiyohusiana, lakini wanafanana katika mambo kadhaa ya msingi. Wote wawili husafiri kwa kupiga mabawa. Wote hula viumbe vidogo vinavyoelea, mmoja ndani ya maji na mwingine angani. Wote wana mgongo wa rangi ya kiza na tumbo jeupe, na wote hupatikana katika eneo la Afrika Mashariki: taa mwambaoni na kwenye miamba ya matumbawe, mbayuwayu juu ya mbuga, mashamba na miji kati ya Septemba na Aprili.

Ukubwa wao unatofautiana mno. Taa manta wa miamba kwa kawaida ana upana wa mita 3 hadi 3.5 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na wengine hufikia mita 5. Uzito wake ni wa mamia ya kilo. Mbayuwayu ana upana wa sentimita 32 hadi 35 na uzito wa gramu 16 hadi 22. Hata hivyo, si ukubwa unaoamua namna spishi hizi mbili zinavyopokea madhara yanayotokana na binadamu. Kinachoamua ni kasi ya maisha: umri wa kuanza kuzaa, idadi ya watoto, muda kati ya uzazi mmoja na mwingine, na miaka ambayo mnyama anatarajiwa kuishi. Umbo, chakula, safari na uzazi wa kila mmoja vinaonyesha jinsi kasi hizo mbili zilivyojengeka.

Nafasi katika ukoo wa wanyama

Taa ni samaki wa gegedu, yaani mifupa yake haikukomaa kuwa mfupa mgumu, na jamaa zake wa karibu ni papa. Kundi la taa lina spishi zaidi ya 600. Mbayuwayu ni ndege wa oda ya Passeriformes, ambayo peke yake ina zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani, na ndani ya oda hiyo yumo katika nusuoda ya ndege waimbaji. Hapaswi kuchanganywa na teleka, ambaye pia huwinda wadudu akiwa angani na ana mabawa marefu kama yake. Teleka si ndege mwimbaji. Wamefanana kwa sababu ya kazi wanayoifanya, si kwa sababu ya udugu.

Nasaba ya samaki wa gegedu na nasaba ya wanyama wenye mifupa zilitengana zaidi ya miaka milioni 420 iliyopita. Baada ya hapo nasaba ya pili iligawanyika: upande mmoja wakatokea samaki wa mifupa wa kawaida kama changu na jodari, upande mwingine wakatokea silakanti, vyura, mijusi, ndege na mamalia. Kwa hiyo, kiukoo, changu yuko karibu zaidi na mbayuwayu kuliko alivyo karibu na taa, ingawa changu na taa huuzwa katika soko moja na kuitwa samaki wote wawili. Silakanti, samaki wa kale aliyegunduliwa akiwa hai nchini Afrika Kusini mwaka 1938 na ambaye baadaye alinaswa pia katika maji ya Tanzania, yuko karibu zaidi na mbayuwayu kuliko hata changu.

Uainishaji wa mbayuwayu umetulia tangu Linnaeus alipompa jina la kisayansi mwaka 1758. Wa taa manta umebadilika hivi karibuni tu. Mtaalamu aitwaye Krefft alimweleza taa wa miamba mwaka 1868 kutokana na kielelezo cha Australia, lakini kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu kuwa spishi moja na taa manta mkubwa wa bahari kuu (Mobula birostris), ambaye hufikia upana wa mita 7. Mwaka 2009 spishi hizo mbili zilitenganishwa rasmi, na baadaye uchunguzi wa jeni ukaziondoa katika jenasi ya Manta na kuziweka katika jenasi ya Mobula. Takwimu nyingi za uvuvi za kabla ya 2009 hazitofautishi spishi hizo, na jambo hilo linafanya historia ya idadi yao kuwa ngumu kufuatilia.

Bawa la maji na bawa la hewa

Bawa la taa na bawa la mbayuwayu yote ni viungo vya mbele vya mwili, na asili yao ya mbali ni moja: jozi ya mapezi ya kifuani iliyokuwako kwa samaki wa kale wenye mataya. Lakini kila moja limekuwa bawa kwa njia yake. Kwa taa, mapezi ya kifuani yamepanuka na kuungana na kichwa na kiwiliwili hadi mwili mzima ukawa bapa. Ndani yake mna vijiti vingi vya gegedu vilivyopangwa sambamba, na misuli imetandazwa juu na chini yake. Kwa mbayuwayu, bawa ni mkono: mfupa wa juu, mifupa miwili ya kigasha na mifupa michache ya kiganja iliyoungana. Eneo kubwa la bawa halina nyama, ni manyoya. Misuli inayolisukuma imeshikwa na mfupa wa kidari.

Maji ya bahari ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa ya usawa wa bahari, na tofauti hii imeelekeza kazi ya kila bawa. Mwili wa taa hubebwa na maji kwa sehemu kubwa. Hana kibofu cha hewa kama changu, lakini ini lake lenye mafuta humpunguzia uzito, na hivyo bawa lake lina kazi kubwa ya kusukuma mbele kuliko ya kuinua. Hupiga polepole, na baada ya pigo huteleza. Mbayuwayu hubebwa na bawa lake peke yake. Lisipomwinua, anaanguka. Kwa hiyo hulipa gharama ya nishati kwa kila sekunde anayokuwa angani, na hawezi kuwa mzito.

Mkia pia umechukua njia mbili. Mkia wa taa manta wa miamba ni mwembamba kama ufito, hausaidii kuogelea, na hauna mwiba wa sumu walio nao taa wengine wanaoogopwa na wavuvi. Mkia wa mbayuwayu umegawanyika panda, na manyoya ya pembeni yamerefuka, hasa kwa dume. Mwaka 1988 mtafiti Anders Pape Møller alichapisha jaribio alilolifanya nchini Denmark: madume waliorefushwa mikia walipata majike mapema kuliko waliofupishwa. Jaribio hilo limekuwa mfano maarufu wa uteuzi wa kijinsia. Watafiti wengine walifuata na kuonyesha kwamba sehemu ya urefu huo pia humsaidia ndege kukata kona, na kwamba ni ziada tu juu ya urefu huo iliyo pambo.

Rangi ya kiza juu na nyeupe chini ni kinga dhidi ya macho ya adui. Anayemtazama mnyama kutoka juu humwona akichanganyika na kina au ardhi. Anayemtazama kutoka chini humwona akipotea katika mwanga. Baadhi ya taa manta huvunja kanuni hii na kuwa weusi karibu mwili mzima, bila dalili kwamba jambo hilo linawapunguzia maisha.

Pumzi na joto

Taa manta hupumua kwa kuogelea. Maji huingia mdomoni, hupita juu ya matamvua na kutoka kwenye mianya mitano kila upande. Hana nguvu za kutosha za kuvuta maji akiwa ametulia, kwa hiyo hutembea usiku na mchana maisha yake yote. Taa wengi wengine hulala juu ya mchanga bila shida. Mbayuwayu hutua kwenye nyaya, paa na matete. Mapafu yake yameunganishwa na vifuko vya hewa vinavyofanya hewa ipite upande mmoja tu, iwe anavuta au anatoa pumzi. Mfumo huo huchukua oksijeni kwa ufanisi mkubwa kuliko mapafu ya mamalia, na ndio unaowezesha misuli ya kuruka kufanya kazi kwa saa nyingi.

Joto la mwili wa mbayuwayu hukaa karibu nyuzi 41 za Selsiasi, wakati wa baridi na wa jua. Taa kwa sehemu kubwa hufuata joto la maji, ingawa spishi za jenasi ya Mobula zina mtandao wa mishipa midogo ya damu kuzunguka ubongo unaodhaniwa kuuhifadhia joto. Uwezo huo ungekuwa na faida wakati wa kuzama. Kule New Caledonia, kifaa kilichofungwa kwa taa manta wa miamba kilirekodi kina cha mita 672, mahali penye baridi na giza.

Tofauti hii ya joto ina matokeo katika chakula. Mwili mdogo wenye joto la kudumu hupoteza joto haraka, hivyo mbayuwayu hawezi kukaa siku nyingi bila kula. Taa manta anaweza kupita vipindi virefu vya chakula haba akitegemea akiba ya mwili.

Kula kinachoelea

Chakula cha taa manta ni planktoni ya wanyama: vijikamba vidogo, mayai ya samaki na mabuu. Pande mbili za mdomo wake zina mapezi yanayokunjuka, ambayo yakiwa yamesokotwa huonekana kama pembe. Wakati wa kula huyakunjua na kuyatumia kuelekeza maji mdomoni. Ndani, bamba za matamvua huchuja. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kazi hiyo hufanywa kama chujio la chai, yaani chembe hukwama pale penye tundu dogo kuliko chembe yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha njia nyingine. Maji hugeuka ghafla kupita kati ya vibamba, na chembe hudunda juu ya kingo za vibamba na kubaki katika mkondo unaoelekea kooni. Kwa njia hiyo hata chembe ndogo kuliko matundu hukamatwa, na chujio halizibiki kwa urahisi.

Mbayuwayu hachuji. Humwona mdudu mmoja, humfuata, humdaka kwa mdomo mpana, kisha humtafuta mwingine. Chakula chake ni nzi, mbu, vidukari na wadudu wengine wenye mabawa, na barani Afrika pia kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua. Huruka chini chini nyuma ya ng'ombe na matrekta, wanakotimuliwa wadudu, na hunywa maji kwa kugusa uso wa bwawa bila kutua. Anapolisha makinda hukusanya wadudu wengi kooni na kuwaleta wakiwa donge.

Njia hizi mbili zina masharti yake. Kuchuja kuna faida pale tu planktoni ilipo nene, kwa sababu kufungua mdomo huongeza ukinzani wa maji. Kwa hiyo taa manta hukusanyika mahali na majira ambapo mikondo hurundika chakula. Mfano unaojulikana sana ni ghuba ya Hanifaru katika visiwa vya Maldivi. Huko, pepo za kusini-magharibi, sehemu ya mfumo uleule wa pepo ambao Waswahili huuita kusi, huleta planktoni nyingi kiasi kwamba taa zaidi ya mia moja huweza kuonekana pamoja wakizunguka duara. Mbayuwayu huweza kutawanyika zaidi, kwa kuwa wadudu wamo karibu kila mahali penye joto na unyevu. Lakini akifika mahali penye baridi ya ghafla, wadudu hawaruki, na anakosa chakula siku hiyo hiyo.

Hisi, ubongo na sauti

Macho ya mbayuwayu ndiyo chombo chake kikuu cha kazi. Kila jicho lina sehemu mbili za uoni mkali, moja ya kutazama mbele na nyingine ya kutazama pembeni. Taa manta naye anaona vizuri, lakini ana hisi ambayo ndege hana: vishimo vyenye ute kwenye ngozi ya kichwa vinavyohisi umeme dhaifu unaotoka kwa viumbe wengine.

Ubongo wa taa manta, ukilinganishwa na uzito wa mwili, ni miongoni mwa bongo kubwa kabisa kwa samaki. Uchunguzi wa Raja Ampat, Indonesia, uliochapishwa mwaka 2019, ulitazama makundi zaidi ya 500 na kuonyesha kwamba taa hao huchagua wenzao wa kukaa nao; uhusiano wao si wa kukutana kwa bahati tu. Hurudi pia kwenye vituo vya usafi, yaani sehemu za mwamba ambapo samaki wadogo huwaondolea vimelea na ngozi iliyokufa, na huweza kukaa hapo kwa muda mrefu wakizunguka polepole.

Katika sauti hakuna ulinganisho. Taa manta hana kiungo cha sauti. Ndege waimbaji wana sirinksi, kiungo kilicho pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, na pande zake mbili huweza kuongozwa kila upande kivyake. Mbayuwayu dume huimba mfululizo wa sauti za haraka unaomalizikia kwa mkwaruzo mkavu. Ndege waimbaji hawazaliwi na wimbo kamili. Hujifunza kwa kuwasikiliza wakubwa. Kile ambacho mbayuwayu hutangaza kwa wimbo, taa hukibeba katika ngozi: madoa ya tumboni hutofautiana kwa kila mmoja na hayabadiliki maishani. Haijathibitika kwamba taa wenyewe huyatumia kutambuana, lakini watafiti huyapiga picha na kumtambua kila mmoja bila kumshika.

Safari

Hadi mwanzo wa karne ya 20, mahali hasa mbayuwayu wa Uingereza walikokwenda wakati wa baridi palikuwa pa kukisia. Mei 1911, wakili aitwaye John Masefield alimvisha mbayuwayu pete ya mguuni huko Cheadle, Staffordshire. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Tangu hapo pete nyingine nyingi zimethibitisha safari ya karibu kilomita 10,000 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, ikivuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara. Mbayuwayu wanaopita au kukaa Afrika Mashariki hutoka Ulaya na Asia. Wakiwa Afrika hawatagi. Hula, hulala kwa makundi makubwa kwenye matete, na hubadilisha manyoya ya mabawa kwa ajili ya safari ya kurudi. Mahali pa kulala pa Mount Moreland karibu na Durban palikadiriwa kupokea ndege milioni tatu.

Taa manta wa miamba ni mkaazi zaidi. Huzunguka katika eneo lenye vituo vya usafi na chakula anavyovijua, na huonekana mahali palepale mwaka hadi mwaka. Anaweza kwenda mbali. Mashariki mwa Australia imerekodiwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na picha za matumbo zimeonyesha kwamba baadhi ya taa huvuka mpaka kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hata hivyo safari hizo hufuata mwambao, na mara chache huunganisha makundi yaliyotengwa na bahari yenye kina kirefu. Matokeo yake ni kwamba kundi likipungua sana mahali pamoja, wageni wa kujaza pengo hawafiki upesi. Mbayuwayu wachanga, kinyume chake, mara nyingi huanza kuzaa mbali na kiota walikozaliwa, na kijiji kilichopoteza ndege wake huweza kupata wengine msimu unaofuata.

Uzazi

Katika uzazi pana mfanano mmoja usiotarajiwa. Kwa ndege wengi, mbayuwayu akiwemo, ovari na mrija wa kushoto ndivyo vinavyofanya kazi. Vya kulia vimedumaa. Kwa taa manta, vilevile, ovari na mji wa mimba wa kushoto ndivyo vinavyofanya kazi. Nasaba hizi mbili zilifikia mpangilio huo kila moja kwa njia yake. Mfanano unaishia hapo.

Mbayuwayu jike hutaga mayai manne au matano katika kiota cha udongo. Jozi hukijenga kwa vidonge vya tope, mara nyingi zaidi ya elfu moja, vikichanganywa na majani makavu na kuwekwa chini ya paa, boriti au daraja. Mayai huatamiwa kwa wiki mbili hivi, na makinda huruka baada ya wiki nyingine tatu hivi. Wazazi wote wawili huwalisha. Kisha jozi nyingi hutaga mara ya pili katika kiangazi hicho hicho, na makinda wa mwaka huu huwa wazazi mwaka unaofuata.

Taa manta jike hufuatwa na madume kadhaa katika mstari mrefu unaoweza kudumu kwa siku nyingi. Dume anayefaulu humng'ata ncha ya bawa, karibu kila mara la kushoto, na makovu yanayobaki hapo huwaonyesha watafiti majike waliokwisha kupandwa. Mimba hudumu miezi 12 hivi. Mtoto hana kondo la nyuma. Hulishwa kwa majimaji yenye mafuta na protini yanayotolewa na ukuta wa mji wa mimba. Huzaliwa mmoja tu, akiwa na upana wa karibu mita moja na nusu. Uzazi wa kwanza wa taa manta kuonekana katika hifadhi ya binadamu ulitokea mwaka 2007 katika akwaria ya Churaumi, Okinawa. Mtoto akizaliwa huogelea peke yake; mama hamlishi wala hamlindi. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 8 hadi 15, na kati ya mtoto mmoja na mwingine hupita miaka miwili hadi mitano.

Mnyama mmoja amewekeza katika wingi na malezi mafupi. Mwingine amewekeza katika mtoto mmoja mkubwa ambaye maadui wake ni wachache tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya umri na idadi

Zaidi ya nusu ya mbayuwayu wakubwa hufa kila mwaka, na katika wachanga hubaki takriban mmoja kati ya watano hadi mwaka wa pili. Wachache hupita miaka kumi. Taa manta huishi angalau miaka 40, na mkubwa ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kufika mwaka unaofuata asipovuliwa.

Jozi ya mbayuwayu inayotaga mara mbili hutoa mayai manane hadi kumi katika kiangazi kimoja. Taa jike anayeanza kuzaa akiwa na miaka 10, akaishi hadi 40 na kuzaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, atakuwa amezaa watoto 10 hadi 15 maishani mwake. Akizaa kila baada ya miaka mitano, watakuwa sita. Yaani kazi ya uzazi ya miaka thelathini ya taa ni karibu sawa na ya jozi ya mbayuwayu ndani ya miezi minne au mitano.

Katika hali ya kawaida, hesabu zote mbili hutoa idadi tulivu. Kwa mbayuwayu, vifo vingi hufidiwa na vizazi vingi. Kwa taa, vizazi vichache vinatosha kwa kuwa vifo ni vichache. Tofauti hujitokeza vifo vinapoongezeka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliweka uwezo wa juu kabisa wa kuongezeka kwa taa manta kuwa karibu asilimia 12 kwa mwaka, kiwango kilicho miongoni mwa vya chini kabisa kwa samaki wa gegedu. Uvuvi ukichukua zaidi ya sehemu hiyo, idadi itashuka hata kama bahari ni safi na chakula ni tele. Aidha, kila jike mkubwa anayevuliwa huondoa pamoja naye miaka ya uzazi ambayo haiwezi kufidiwa na watoto wachache waliopo.

Madhara ya binadamu

Tishio kuu la taa manta ni wavu. Katika Bahari ya Hindi ya magharibi hunaswa katika jarife na nyavu nyingine za kuelea zilizotegwa kwa ajili ya jodari, nduaro na papa. Kwa kuwa ni lazima aogelee ili apumue, taa aliyenaswa hufa upesi. Nyama yake ni ya bei ndogo, lakini bamba zake za matamvua zilipata soko nchini China, hasa Guangzhou, kama dawa. Biashara hiyo iligeuza samaki aliyenaswa kwa bahati kuwa samaki anayetafutwa. Athari yake inaonekana Tofo, kusini mwa Msumbiji, ambako watafiti waliohesabu taa kati ya 2003 na 2011 walikuta kwamba idadi ya taa manta wa miamba walioonekana katika kila mzamo ilishuka kwa asilimia 88.

Mbayuwayu ameguswa kwa njia tofauti. Uwindaji upo. Kule Boje, kusini-mashariki mwa Nigeria, wanakijiji waliwanasa kwa ulimbo wakati mamilioni walipolala kwenye vilima, mpaka mradi wa hifadhi ulipoanza katika miaka ya 1990. Hali ya hewa nayo huua kwa wingi. Katika vuli ya mwaka 1974 baridi ya mapema iliwakuta Ulaya ya kati. Mamia ya maelfu walikufa, na wengine wengi walisafirishwa kwa treni na ndege kuvushwa milima ya Alps. Lakini vifo vya namna hii, vikiwa vya mwaka mmoja, havivunji spishi inayoweza kutaga mayai kumi kwa msimu.

Kinachomdhuru mbayuwayu ni upungufu wa kudumu wa chakula na mahali pa kuzalia. Mwaka 2014 utafiti wa Uholanzi ulionyesha kwamba ndege wala wadudu, mbayuwayu akiwa miongoni mwao, walipungua zaidi pale maji yalipokuwa na kiwango kikubwa cha dawa ya wadudu iitwayo imidacloprid. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba uzito wa wadudu wanaoruka katika maeneo yaliyohifadhiwa ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Mabanda ya zamani ya mifugo, yenye milango wazi, yamepisha majengo yaliyofungwa. Pigo la namna hii hurudi kila mwaka, na hapo hata uzazi wa haraka hautoshi.

Ulinzi unaolingana na kila mmoja

Shirika la IUCN limemweka taa manta wa miamba katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka kwa kiwango cha tatu katika ngazi zake za tishio, na mbayuwayu katika kundi lisilo na hofu kubwa, likieleza kwamba idadi yake inapungua. Hatua za kisheria zimefuata hali hizo. Mwaka 2013 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kudhibiti biashara ya kimataifa ya taa manta, na uamuzi ukaanza kutumika 2014. Mwaka huo huo taa wa miamba aliingizwa katika orodha za mkataba wa wanyama wanaohama. Mwaka 2019 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ilizuia meli kuhifadhi taa wa jenasi ya Mobula wanaonaswa, isipokuwa kwa wavuvi wadogo wa kujikimu. Msamaha huo ni muhimu kwa mwambao wa Afrika Mashariki, kwa sababu sehemu kubwa ya samaki huletwa na wavuvi hao hao.

Kwa taa, kipimo cha mafanikio ni idadi ya majike wakubwa wanaobaki hai. Sheria ya ukubwa mdogo, inayomtaka mvuvi amwachie samaki mchanga na kuchukua mkubwa, hufaa kwa samaki wengi wa mifupa lakini kwa taa manta hulinda upande usio sahihi. Kinachofaa ni kuondoa nyavu za kuelea karibu na vituo vya usafi na sehemu za kulishia, na kumwachia kila aliyenaswa akiwa hai. Upo pia msingi wa kiuchumi: makadirio ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba utalii wa kuwatazama taa manta huingiza takriban dola milioni 140 kwa mwaka duniani, na taa mmoja anayeishi miaka 40 huweza kutazamwa tena na tena.

Kwa mbayuwayu, kumlinda ndege mmoja mmoja kuna faida ndogo. Kinachohitajika ni wadudu, matope ya kujengea, na majengo yanayofikika katika nchi anakozalia, pamoja na matete ya kulalia katika nchi anakopitisha msimu wa baridi. Karibu na Durban, uwanja wa ndege wa King Shaka ulipofunguliwa mwaka 2010 jirani na Mount Moreland, rada iliwekwa kufuatilia makundi ya mbayuwayu wakati wa machweo ili marubani waongozwe ipasavyo, na matete yakabaki.

Mipaka ya ulinganisho

Matokeo haya ni ya spishi mbili, si ya makundi yao mazima. Si kila taa anazaa polepole namna hii: taa mdogo mwenye madoa ya buluu (Taeniura lymma), anayepatikana sana kwenye miamba ya Afrika Mashariki, huweza kuzaa hadi watoto saba kwa mara moja. Wala si kila ndege mwimbaji anazaa upesi. Ndege kinubi wa Australia (Menura novaehollandiae), ambaye pia ni ndege mwimbaji, hutaga yai moja tu kwa msimu na huishi miaka mingi; kwa hesabu ya uzazi, anamkaribia taa manta kuliko anavyomkaribia mbayuwayu. Kundi la kisayansi humweleza mnyama alikotoka. Kiasi cha hasara anachoweza kustahimili hujulikana kwa kuhesabu watoto wake, umri wake na vifo vyake, spishi kwa spishi.